Herufi S

Alhamisi Deo alinipigia simu. Miaka mingi hatujaongea, lakini namba yake niliitambua mara moja kwa sababu sikuwahi kuifuta. Watu walionikosea siwafuti kwenye simu. Wakinitafuta nataka nijue ni nani. Mama Zawadi alikuwa amefariki Jumanne, na watoto wake waliamua kwamba siku ya mazishi mimi niseme maneno machache, kwa kuwa niliishi nyumbani kwake na kwa kuwa yeye ndiye mama katika filamu yangu ya kwanza. "Kaka Bahati," Deo akasema, kwa ile sauti yake laini ya mtu aliyebeba trei ya mayai, "wajukuu hawasikii Kiswahili vizuri, wanajua kile cha jikoni tu. Familia imeniomba nitafsiri. Wewe utasema kipande, mimi nitasema kipande. Sasa utumie maneno ya kawaida, kaka. Tusirudi kule." Nikamuuliza kule ni wapi. "Unajua, bwana. Ile mambo ya zamani. Na ilikuwa herufi moja tu."

Nikakata simu. Nikakaa kitandani nikiwa na kiatu kimoja mguuni, na kingine sikukivaa mpaka saa nzima ikapita. Herufi moja tu. Basi nitaandika habari ya hiyo herufi, na nitaandika majina ya walioiweka, kwa sababu wao jina langu walilitaja hadharani na hawakuniomba ruhusa. Wa kwanza ni Pasta Elisha. Wa pili ni Deo, rafiki yangu. Kuna wa tatu, nitamfikia.

Mimi natengeneza filamu. Nimetengeneza sita, zote nimezitunga mwenyewe, na ninapoalikwa kuongea na wanafunzi wa vyuo wananiuliza nilisomea wapi. Nawaambia Toongabbie, jikoni kwa Mama Zawadi. Wanacheka, wanadhani ni unyenyekevu. Siyo unyenyekevu. Shule niliiacha darasa la tano, na mpaka leo nikiandika barua ya ofisi natoka jasho. Mimi pia ni mwanaume ninayependa wanaume. Hilo halinitoi jasho tena, lakini mwaka ninaousimulia lilinitoa.

Mwaka ule nilikuwa na chumba cha nyuma kwa Mama Zawadi, huko Toongabbie, mtaa wa huku ugenini tulikohamia, karibu na stesheni, chumba chenye dirisha moja lililotazama kamba ya nguo. Treni ikipita glasi zilitetemeka kabatini na Mama alikuwa akiziambia "tulieni" bila kugeuka. Alikuwa mjane wa Bukavu, mnene, mwenye kicheko cha chini chini, na hakujua kusoma hata kidogo. Mimi nilipanga katoni kwenye ghala moja Wetherill Park, shifti ya asubuhi, nikipewa lifti na watu wa kanisani, wanne ndani ya gari moja, kila mtu na mkebe wake wa chakula mapajani. Mchana nikirudi nilikuta sombe, yaani kisamvu, na ndakala, dagaa wa kwetu, zimefunikwa kwa sahani, na bugali umekaa kama kofia. Nilikuwa na kamera ndogo ya mkononi ya kupigia harusi na ubatizo. Watu waliniita Bahati Kamera. Harusi hainihitaji mimi, harusi inajiigiza yenyewe. Nilitaka kutunga.

Kuandika sikuweza, kwa hiyo nilitunga kwa mdomo. Mama alikuwa akiosha vyombo, mimi nikifuta, nasema maneno ya mama, halafu ya kijana, halafu ya mama. Akisikia uongo alinisimamisha. "Hakuna mama anasema 'nimefurahi sana kwa ajili yako, mwanangu'," aliniambia siku moja. "Anasema nini?" "Anasema, umekula?" Nikabadilisha. Tulipokubaliana neno nililichora kwenye kipande cha katoni nilichotoa kazini: sufuria, mkono, mlango, mtu mmoja, watu wawili. Script yangu ya kwanza ilikuwa furushi la makatoni yenye mishale ya kuonyesha upande gani ukae juu, limefungwa kamba ya kiatu, na lilikaa juu ya friji pamoja na dawa zake za presha.

Hadithi ilikuwa fupi. Mama anapika. Kijana wake amemwambia leo atakuja mtu anayempenda, kwa mara ya kwanza, kula nao. Wanaandaa meza na wanaongea juu ya huyo mtu. Anakula pilipili? Anakula. Ana aibu? Ana aibu kidogo. Amechelewa. Atafika tu. Mama anaweka sahani ya tatu. Mlango unagongwa, kijana anafungua, na kamera iko chini, inaona viatu: viatu vya kazi, vikubwa, vile vyenye chuma mbele. Viatu vinavuka kizingiti. Mwisho. Mnaona ujanja wangu. Kiswahili chetu ni "anakuja", "amechelewa", "yeye", na hakuna anayejua huyo yeye ni mwanamke au mwanaume mpaka viatu vinaingia. Miaka yote nilikuwa nimeishi ndani ya hiyo "a". Wakiniuliza kwenye lifti, Bahati, una mchumba, nilijibu yuko, yuko mbali, anafanya kazi sana, na kila neno lilikuwa kweli. Nilidhani nimevumbua kitu. Sikujua kwamba Kiingereza hakina mahali pa kujificha.

Mama nilimwambia tu kuna mtu ninayempenda atakuja kula; ni nani, sikumwambia. Siku ya kupiga picha aliangalia unga, akaniangalia mimi, akaongeza vikombe viwili. Nikamwambia Mama, huo ni mwingi. "Huyu anakula ngumi mbili za bugali," akasema, akaendelea kukoroga. Hilo halikuwa kwenye makatoni. Nililiacha ndani. Mwenye viatu alifika saa kumi, moja kwa moja kutoka kazini, akasimama mlangoni akiwa amevaa kofia ya jua mpaka kwenye nyusi ingawa nilimhakikishia mara tatu kwamba kamera haitapanda juu ya magoti. Tulipomaliza, Mama alimwambia avue viatu na anawe. Akala ngumi mbili. Mimi nilikuwa nimeshika kamera iliyozimwa, nikiwatazama wanavyogombea kichwa cha samaki, na nikawaza kwamba nimeikatisha filamu mapema.

Maandishi ya Kiingereza, yale yanayopita chini ya picha, nilimpa Deo. Nani mwingine? Deo alikuwa na Kiingereza kuliko sisi wote, alihudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, na alikuwa katibu wa jumuiya. Tulikuwa tumekaa kambi moja ya wakimbizi, tumelala mkeka mmoja, alijua habari zangu na hakuwahi kuzisema. Alichukua filamu Jumamosi. Ninachojua sasa ni kwamba alasiri hiyohiyo alimwonyesha Pasta Elisha, na wakaketi wawili sebuleni kwa Pasta wakaamua.

Tuliionyesha kwanza Merrylands, kwenye ukumbi tuliokodi, Jumapili baada ya ibada. Viti vya plastiki, watoto mbele wakisoma Kiingereza, wazee nyuma wakisikiliza Kiswahili. Viatu vilipoingia, nyuma pakawa kimya. Siyo kimya cha kutoelewa. Mbele watoto walisema "ooh", kwa huruma, na sikujua kwa nini. Kabla mtu hajakohoa, Pasta Elisha alisimama, akapiga makofi mawili, akasema: "Tumshukuru ndugu yetu kwa hadithi hii ya mama aliyemngoja mkamwana wake, na mkamwana hakufika. Aliyekuja ni mtu wa kuleta mizigo. Ni funzo kwa mabinti wetu wasiopokea simu." Ukumbi mzima ulicheka, cheko la watu waliopata pa kutokea. Mama Zawadi, kando yangu, hakucheka. Akaniangalia aone nitasimama au sitasimama. Sikusimama. Nikala sambusa zao, nikapeana mikono. Kati ya watu ninaowataja hapa kwa ubaya, wa tatu ni mimi wa Jumapili ile.

Baadaye filamu ikachaguliwa kwenye tamasha dogo la huko mjini. Waliniita mapema, siku ya kazi, waangalie kama picha na sauti ziko sawa. Tulikuwa watu wawili tu kwenye ukumbi mtupu, mimi na mama mmoja mzungu wa mitambo, mwenye miwani kichwani. Filamu ikaisha, akajifuta macho. "Poor boy," akaniambia. "She never came." Nikamuuliza, who she? Akarudisha filamu nyuma, akasimamisha, akanyoosha kidole kwenye maandishi. She. Akasogeza. She. Akasogeza tena. Kiingereza changu kilikuwa cha katoni, cha kushoto na kulia na kizito na chepesi, lakini hilo neno nililijua. Kila mahali niliposema "a", Deo alikuwa ameweka mwanamke. Na kwa sababu hiyo, viatu vilipoingia, mtu aliyesoma alielewa kwamba aliyengojwa hakuja, kaja mtu mwingine tu na mizigo. Filamu yangu ilikuwa juu ya mtu aliyefika. Wao waliigeuza ya mtu aliyekosekana, na hawakuhitaji kukata picha hata moja. Yule mama akanisoma usoni. Akaniambia kama kuna kosa, nimletee mpya kabla ya Jumatano.

Nilienda moja kwa moja kwa Deo. Alikuwa anapiga pasi sare ya kazi na hakuiacha. "Kiingereza hakina yeye, kaka," akasema. "Ni he ao ni she. Lazima mtu achague."

"Ungeniuliza."

"Ningekuuliza ungesema he."

"Ndiyo, ningesema he."

"Donc, basi, nilikuchagulia." Akageuza shati upande wa pili. "Unafikiri ni filamu tu? Utakuwa na nani hapa? Nani atakupa lifti ya kazi? Nani atakuzika? Nilikuchagulia watu, Bahati. Siku moja utanishukuru." Nilimwambia abadilishe. Akasema hawezi, Pasta ameshaona. Kama vile Pasta ndiye aliyepika.

Jumapili mchana walikuja wawili, Pasta kwa suti, Deo nyuma yake. Mama Zawadi alikuwa anatwanga sombe kwenye kinu chake, chini, juu ya gunia lililokunjwa ili jirani asisikie. Hakusimama. Nitaandika maneno kama yalivyosemwa, nilikuwa nimekaa juu ya ndoo pale pale.

"Mama Zawadi," Pasta akaanza, "anayeonekana kwenye picha ni wewe, siyo huyu. Watu watasema Mama Zawadi alimpikia nani?"

"Watasema nilimpikia mgeni."

"Mgeni mwanaume. Wa kijana mwanaume."

"Pasta, na wewe ni mwanaume, na nimekupikia mara ngapi?" Deo akatazama sakafu. Nadhani alikuwa anameza kicheko, na kama ni hivyo, hicho ndicho kitu cha mwisho alichomeza kwa ajili yangu.

Pasta hakucheka. Akasema wao siyo watu wabaya. Maandishi yakibaki yalivyo, kanisa zima litakuja mjini kuangalia, watajaza ukumbi, watampigia Bahati vigelegele. Yakibadilika, Jumapili ijayo jina la Bahati litasomwa mbele ya watu kwamba siyo mwenzao, na la mwenye nyumba anayemhifadhi pia. "Fikiri, Mama. Umri wako huu, utakaa peke yako?"

Mchi ukasimama. Mama akafuta mkono kwenye kitenge, akanitazama mimi kwanza, siyo wao. "Bahati, yule alikuja ao hakuja?"

"Alikuja, Mama."

"Na alikula?"

"Alikula."

"Basi waandike alikuja." Akamgeukia Pasta. "Na hilo jina, ulisome vizuri. Zawadi ni binti yangu, yeye hana neno. Mimi naitwa Nabintu. Ukisoma, soma Nabintu." Akarudi kwenye kinu. Walisubiri wapewe chai. Ni mara ya kwanza na ya mwisho niliyoona mtu akiondoka kwa Mama Zawadi bila kupewa chai.

Kazi ikabaki kwangu. Jumatatu baada ya shifti niliweka laptopu juu ya meza ya jikoni, nikafungua yale maandishi, mistari na mistari. Niliyafikiri hivi: she na he tofauti yake ni herufi moja, ile S ya mbele. Nikifuta S, kazi imekwisha. Macho yangu yalikuwa yamechoka na vumbi la ghala, na Mama akavuta kiti. Nimeshasema hakujua kusoma. Lakini S aliijua, kwa sababu ndiyo inayoanza kwenye kopo la chumvi, lililoandikwa salt, na la sukari halikuandikwa kitu, na alishawahi kuharibu chai akakasirika akaikariri. "Ile ya chumvi," akawa ananionyesha kwa kijiko. "Ingine ile pale. Toa." Nikatoa. "Na ile." Nikatoa. Treni zikipita, glasi zikitetemeka, sisi tunatoa chumvi. Tulipomaliza alihesabu kwa vidole vyake, akavimaliza karibu mara mbili, akasema, "Sasa chakula kinaliwa."

Jumamosi ya maonyesho hakuja mtu wetu hata mmoja. Mama alivaa kitenge cha njano na viatu vya ndani kwa sababu miguu ilivimba. Ukumbi ulijaa wageni, na mimi jasho lilinitoka mpaka kwenye soksi. Ule mstari wa "anakula pilipili" ukapita, na chini yake he, na watu wakatulia, wakasogea mbele. Hawakuwa na siri ya kungoja kama wazee wa Merrylands. Walijua tangu mwanzo. Walichongoja ni kama atafika. Ndipo nikaelewa filamu yangu mwenyewe. Viatu vilipovuka kizingiti mtu mmoja nyuma alipiga kelele ya furaha, halafu wengine, na Mama Zawadi akanishika goti. "Wamejua amefika?" "Wamejua, Mama."

Halafu maswali. Kijana mmoja mwenye daftari akasimama, akauliza kwa heshima kubwa kuhusu lugha ya maandishi. Alisema kuna mahali mpenzi ni he na mstari unaofuata ni her, kama vile mtu huyo hakubali kufungwa. Na kuna neno moja, dihes, amelifikiria sana, je, ni la kikwetu? Nikamwomba aliandike, akaliandika. Ilikuwa dishes, vyombo. Ndani yake kuna s, h, e zimefuatana, na sisi wawili na kijiko chetu tulitoa chumvi mpaka ya kwenye vyombo. Na her sikujua kabisa kwamba nayo ni mwanamke. Ningeweza kusema ndiyo, ni sanaa. Wengi wamejenga majina kwa majibu kama hayo. Nikasema nilisoma miaka mitano tu, her ni kosa, dihes ni kosa, he siyo kosa. Walipiga makofi marefu. Sijawahi kusahihisha. Ukiiona filamu hiyo leo, dihes bado ipo.

Jumapili Deo alisoma majina, maana yeye ndiye katibu. Alisoma Nabintu, nasikia, vizuri. Jumatatu gari la lifti lilipita mbele ya nyumba halikusimama, na tangu siku hiyo nilipanda treni na mabasi mawili kwenda Wetherill Park, mwaka mzima. Mama alipika sufuria zilezile kubwa na hakuna aliyekuja kula isipokuwa Wakenya wawili, wauguzi, majirani, waliosema kanisa lao ni lingine na njaa yao haina kanisa. Na mwenye viatu aliondoka. Mtu wa kazini kwake aliviona kwenye filamu akavitambua, kwa ule mkwaruzo kwenye chuma cha kushoto, sikuwaza kuufunika. Akahamia mbali, upande mwingine wa nchi, na akanitumia ujumbe mmoja: filamu ni nzuri. Jina lake silitaji. Wengine nimewataja kwa sababu walichofanya walikifanya kwa majina yao na vyeo vyao. Yeye alichofanya ni kuja kula.

Jumamosi tulimzika Mama. Baadaye tulikusanyika Merrylands, ukumbi uleule, viti vimebadilishwa. Pasta Elisha alikaa mstari wa mbele na fimbo, amekuwa mdogo ndani ya suti. Nikaitwa. Deo akasimama kando yangu na maikrofoni yake, mvi kichwani, na tukaanza: mimi kipande, yeye kipande. Anatafsiri vizuri, sitamnyima hilo. Nilisema habari ya glasi, alisema glasi. Nilisema habari ya kopo la chumvi, wajukuu wakacheka. Nilimwona anapumua, anafikiri tumevuka.

Nikasema: "Siku moja nilimwambia Mama, kuna mtu ninayempenda, leo anakuja kula."

Deo akafungua mdomo. Ikatoka sauti ile, mwanzo wa neno, ile tunayotumia kunyamazisha watoto: sh. Akaishia hapo. Wazee waliosikia Kiswahili walimtazama, vijana waliongoja Kiingereza walimtazama, na Pasta akaweka mikono yote miwili juu ya fimbo. Mimi sikumsaidia. Nilikuwa nimemngoja miaka yote hiyo, dakika moja haikunichosha.

"He," akasema Deo. "He was coming to eat." Kwa sauti ndogo, kidevu kifuani.

Nikamwambia, kwenye maikrofoni, kwa Kiswahili, arudie. Wa nyuma hawajasikia.